Mashapo ya ziwa: tope linavyotunza habari za risasi na zebaki

Chota maji ya Mto Nyando wakati wa masika, uyaache kwenye ndoo hadi asubuhi. Utakuta maji yametulia juu na tope limelala chini. Tope hilo ndilo mashapo. Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, pale Kisumu, ni ndoo hiyo hiyo kwa ukubwa wake: mito huleta udongo, udongo unazama, na wa mwaka huu unaulalia wa mwaka jana.

Metali nzito kama risasi (ndiyo, ile iliyoipa jina risasi ya bunduki), zebaki, shaba na kadimiamu hazikai sana majini. Hung'ang'ania chembe za udongo na kuzama nazo. Kwa hiyo kipimo cha maji hukwambia habari za leo tu, na mvua ikinyesha usiku kesho kimebadilika.

Kulipata tope la zamani, bomba refu linaloonyesha ndani hushushwa wima kutoka kwenye boti, likadidimia, likazibwa juu ili lisimwage, kisha likavutwa polepole. Tope la juu ni kama uji mwepesi. Mtu akiruka ndani ya boti ameshaliharibu. La chini limeshikamana kama udongo wa mfinyanzi. Hukatwa vipande vya sentimita moja moja, kwa kisu cha plastiki, maana cha chuma kinaweza kuongeza metali zake.

Lakini sentimita si miaka. Karibu na mdomo wa Nyando tope hujaa upesi kuliko katikati ya ghuba. Umri hupatikana kwa risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi inayozaliwa hewani kutokana na gesi ya radoni na kuanguka na mvua. Kila baada ya miaka 22 hivi hubaki nusu yake, kwa hiyo inafaa kuhesabu miaka kama 150 nyuma. Kwa Kisumu hiyo inatosha: inavuka 1901, reli ilipofika ziwani. Alama nyingine ni sizi-137 (cesium), metali yenye mionzi iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, yenye kilele 1963, ingawa karibu na ikweta ni hafifu kuliko Ulaya.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kusema "risasi imepatikana ziwani" hakuna maana yoyote, kwa sababu kila udongo una risasi yake ya asili. Swali ni imezidi kiasi gani ile iliyo katika matabaka ya chini, ya kabla ya magari na viwanda, ya ziwa lilo hilo. Na kwa kuwa mchanga hubeba metali kidogo kuliko udongo wa mfinyanzi, risasi hulinganishwa na aluminiamu, ambayo nayo huongezeka udongo wa mfinyanzi unapoongezeka, ya kipande kile kile. Hata hivyo, milima ikilimwa ovyo na udongo ukamiminika, metali huonekana kupungua, kama chumvi ile ile ndani ya sufuria kubwa zaidi. Binafsi siamini mchoro wa metali kwa miaka usioonyesha pia ni gramu ngapi za metali zilizoanguka kila mwaka kwa kila mita ya mraba. Petroli yenye risasi iliondoka Kenya kufikia mwanzo wa 2006. Ni mchoro wa aina hiyo utakaoonyesha kama tope limepata nafuu.

Ziwa Nakuru lina taabu yake. Halina mto unaotoka, kwa hiyo kinachoingia kutoka mjini hakina pa kwenda. Ila ni la kina kifupi, upepo hulikoroga, na katika miaka ya ukame limewahi kukauka karibu lote, vumbi likapeperuka na sehemu ya kumbukumbu.

Zebaki ya wachimbaji dhahabu wa Migori nayo haitafutwi Dunga, ufukweni Kisumu. Mto Kuja, unaobeba maji ya Migori, huyamwaga kusini, nje ya ghuba, na bomba linatakiwa lishushwe huko. Kinachoweza kufika Kisumu ni ule mvuke wa zebaki unaopaa dhahabu iliyonaswa kwa zebaki inapochomwa.