Praktikali ya jiolojia maana yake nini hasa: kwa wadogo zangu wa Mtwara na Lindi mnaoingia chuo

Kila majina ya waliochaguliwa vyuo yakitoka napigiwa simu kutoka nyumbani, huyu kapata jiolojia, yule kapata uhandisi wa migodi, na swali ni lilelile, kaka hiyo praktikali tunaenda kuchimba au tunakaa ndani? Ngoja niandike hapa mara moja wote msome.

Praktikali ya jiolojia mwaka wa kwanza ni kipindi cha maabara kinachoenda pamoja na lekcha, unawekewa jiwe au ramani mbele yako na unatakiwa useme hiki ni nini na umejuaje. Hiyo "umejuaje" ndo kozi yenyewe. Majina ya mawe unaweza kuyakariri usiku mmoja ukayasahau asubuhi, ila kule unafundishwa kuangalia kwanza, unaandika ulichokiona, halafu ndo jina linafuata. Wengi tulipofika tulifanya kinyume, tunaliona jiwe jeupe tunaandika jina, kisha tunatafuta sababu za kulitetea.

Vifaa ni vya kawaida sana na usiogope. Lenzi ndogo ya mkononi, msumari wa chuma, kipande cha kioo, kigae cha kaure kisicho na rangi ya kung'aa juu yake (ule upande wa nyuma wa tailizi za bafuni unafanya kazi ileile), na kichupa cha asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa na maji mengi. Pamoja na kucha zako, maana ukucha nao ni kipimo, ugumu wake ni kama 2 na nusu.

Ugumu kwenye jiolojia sio kule kuvunjika ukilipiga nyundo, watu wengi wanachanganya hapa. Ni nani anamkwaruza mwenzake. Mwaka 1812 Mjerumani mmoja anaitwa Friedrich Mohs alipanga madini 10, talki ya kwanza ambayo hata ukucha unaikwaruza, jasi ya 2, kalsaiti ya 3, inapanda hivyo kwatzi ya 7 mpaka almasi ya 10. Kioo kipo kama 5 na nusu. Kwahiyo ukipewa kitu kikakwaruza kioo unajua kiko juu ya hapo, kisipokwaruza kiko chini, umeshapunguza nusu ya majina kwa dakika moja. Almasi ni ngumu kuliko yote lakini ukiigonga vibaya inapasuka, ndo ujue ugumu na kuvunjika ni mambo mawili.

Hapa nina kisa changu. Wiki ya tatu nilipewa kipande cheupe, nikakivuta juu ya kioo, nikaona mstari mweupe, nikaandika kwatzi kwa kujiamini kabisa. Alama sifuri. Mwalimu wa maabara hakunigombeza, alichukua kidole gumba akapangusa ule mstari ukafutika wote, kioo kikabaki safi. Ule haukuwa mkwaruzo, ulikuwa unga wa lile jiwe lenyewe limesagika kwenye kioo kwa sababu ni laini kuliko kioo. Akaniambia sasa weka tone la asidi, nikaweka, likaanza kutoa povu kama soda iliyofunguliwa. Ilikuwa kalsaiti. Toka siku hiyo mpaka leo napangusa kwanza ndo naandika, na ntawaomba sana na nyie mpanguse.

Lile povu ni gesi ya kaboni daioksaidi inatoka, na jambo hili mnaweza kulijaribu huko huko nyumbani kabla hamjapanda basi. Zile nyumba za zamani za Mikindani kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na matumbawe ni kalsiamu kaboneti, jamii moja na ile kalsaiti. Msiende kubomoa ukuta wa watu jamani, okoteni ganda la kome ufukweni, lisageni, mwagieni siki, sikilizeni. Kisha chukueni kokoto nyeupe ya kwatzi mfanye hivyohivyo, kimya.

Rangi ndo inadanganya kuliko vyote. Kuna hematiti, madini ya chuma, ukiishika ni nyeusi ya kijivu inang'aa kama chuma cha gari, ila ikwaruze kwenye kile kigae inaacha alama nyekundu ya matofali. Rangi ya unga inaaminika kuliko rangi ya nje. Na watu wa Ruangwa mna bahati, kinywe kipo kwenu, kishike uone kinavyoteleza kama kina mafuta, kinachafua vidole na kinaandika kwenye karatasi, ndo hichohicho kilichomo kwenye penseli.

Baada ya madini mnakuja miamba, yani mchanganyiko wa madini, na makundi ni yale matatu ya shuleni, ya moto, tabaka na geuzi, sitarudia. Ila ukipita Masasi iangalie ile milima ya mawe inayosimama peke yake, ukipata kipande kilichovunjika karibuni utaona mistari ya weupe na weusi inapishana. Hiyo ni naisi, mwamba geuzi, ulikaa chini sana kwenye joto na mgandamizo mpaka madini yake yakajipanga upya.

Ramani za kontua ndo zinawatoa watu jasho. Kila mstari unaunganisha sehemu zenye kimo kimoja, na kwenye ramani ya 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita 1. Mistari ikiachana ardhi imelala, ikibanana kuna mteremko mkali. Aliyesimama Newala pale Shimo la Mungu akaangalia bonde la Ruvuma chini ameshaelewa, pale mistari inabanana kwa sababu ukingo wa uwanda unaanguka ghafla.

Halafu kuna zoezi la kupanga tabaka, lipi lilitangulia. Kanuni yake aliiandika Nicolas Steno mwaka 1669, kama tabaka hazijapinduliwa basi ya chini ndo ya zamani. Mfano mzuri uko Lindi, Tendaguru, walikochimba Wajerumani 1909 mpaka 1913 wakapeleka mifupa Berlin, dinosaria yule, mjusi mkubwa wa kale mwenye kimo cha mita zaidi ya 13, bado amesimama kwenye makumbusho kule. Watu wengi wanajua mifupa tu. Lakini pale kuna tabaka zenye mifupa ya wanyama wa nchi kavu na katikati yake tabaka zenye makombe ya baharini, zinapishana, maana yake bahari iliingia na kutoka zaidi ya mara moja miaka kama milioni 150 iliyopita. Binafsi naumia kwamba mtoto wa Lindi anaweza kumaliza shule bila kuonyeshwa hilo, na wazee wake ndo walichimba na kubeba ile mifupa vichwani na mabegani mpaka bandarini.

Mtihani wake sasa. Mawe yanapangwa mezani yana namba, unakaa dakika chache kwenye kila namba, kengele ikilia unahama. Hakuna kurudi. Ukifika kwenye jiwe usilolijua jina andika ugumu wake, rangi ya unga wake, limepasukaje, limetoa povu au halijatoa, hizo zote zina alama zake hata nafasi ya jina ikibaki tupu.