Zawadi kubwa ya mhitimu: maana yake kwa chuo cha afya

Ukisikia chuo kimepata zawadi kubwa kutoka kwa mhitimu wake, swali la kwanza linalokuja kichwani ni shilingi ngapi. Ni swali la haki, ila halikufikishi kwenye maana. Hakuna kiwango kimoja kinachotumika kila mahali, kila chuo kinajiwekea mstari wake. Chuo cha Marekani chenye wahitimu matajiri kinaweza kuanzia dola laki moja. Cha hapa Moshi kinaweza kuanzia shilingi milioni 10 na kikawa sawa kabisa. Kinachotenganisha zawadi kubwa na mchango wa kawaida ni mfuko gani wa mtoaji inatoka, na uamuzi wake unafikiwaje.

Mchango unatoka kwenye kipato cha mwezi. Ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp, unaangalia salio, unatuma elfu hamsini, jina lako linaongezwa kwenye orodha, kesho yake umeshasahau. Zawadi kubwa inatoka kwenye mali: kiwanja, hisa, kiinua mgongo, nyumba ya kupangisha, faida ya miaka mingi ya duka la dawa. Mtu haitoi kwa kuwa ameona ujumbe. Anaitoa baada ya kukaa na mwenzi wake, pengine na watoto, akaamua kwamba kati ya vitu atakavyoacha duniani, na hiki kiwemo. Mara nyingi inakuwa ahadi ya maandishi inayolipwa kwa awamu kwa miaka mitatu hadi mitano, na inakuwa na kazi yake iliyotajwa kwa jina: kusomesha wanafunzi, maabara, nafasi ya mwalimu, utafiti.

Watu wa Kilimanjaro hatuhitaji kufundishwa kuchanga. Ikifika Desemba, magari yakianza kupanda mlimani kutoka Dar es Salaam, kuna kamati ya harusi, kikao cha ukoo, ujenzi wa kanisa, zahanati ya kijiji, na kote huko mikono inaingia mifukoni. Lakini harusi inaisha Jumamosi usiku. Chuo cha afya hakiishi Jumamosi. Mwanafunzi wa udaktari anasoma miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla hajaruhusiwa kusimama peke yake mbele ya mgonjwa. Harambee moja nzuri inamlipia muhula. Muhula unaofuata je?

Hapo ndipo linapoingia neno ambalo watu wa pwani wanalo tangu zamani, wakfu. Mtu anaweka shamba la minazi wakfu kwa ajili ya msikiti au madrasa. Nazi zinauzwa, minazi haiuzwi. Huku kwetu tuna kihamba, shamba la migomba la ukoo. Ndizi unakula, nyingine zinakwenda sokoni, majani na migomba iliyokatwa unalisha ng'ombe, lakini kihamba chenyewe hukiuzi, kwa sababu si chako peke yako. Ni cha waliolala humo ndani na cha watakaozaliwa. Mfuko wa kudumu wa chuo ni kihamba cha fedha.

Tupige hesabu. Mhitimu ametoa shilingi milioni 200. Chuo kikizitumia zote mwaka huu, wanafunzi kadhaa watalipiwa ada na mwakani hakuna kitu. Kikiziweka kwenye hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, au mfuko wa uwekezaji, tuseme zinazalisha asilimia 10 kwa mwaka, inapatikana milioni 20. Chuo kinatumia milioni 10, na milioni 10 nyingine zinarudishwa kwenye mtaji ili usiliwe na kupanda kwa bei. Mwaka wa pili mtaji umefika milioni 210, na kwa hesabu ileile ada zinapata milioni 10 na laki tano. Mtoaji anaweza kuwa ameshazikwa, na bado kuna binti kutoka Same anayelipiwa masomo yake ya uuguzi.

Si kila zawadi kubwa ni ya kuweka. Kuna ya kutumia: jengo, mashine, vitanda vya mazoezi. Hapa nina msimamo mkali kidogo. Zawadi ya mashine isiyokuja na fedha ya matengenezo ni mzigo. Chuo kinachoogopa kumwambia mtoaji hivyo kinamvunjia heshima, maana siku atakayorudi akute mashine yake imefunikwa shuka kwenye kona, ataumia kuliko kama angeambiwa ukweli tangu mwanzo.

Wenzetu waliotangulia katika hili wana mifano inayofundisha. Roy Vagelos alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1954. Baadaye akaongoza kampuni ya dawa ya Merck, na ni chini yake, mwaka 1987, kampuni hiyo ilipotangaza kutoa bure dawa ya ivermectin kwa ajili ya usubi, ugonjwa unaopofusha, ambao hata watu wa Mahenge, Morogoro, wanaufahamu vizuri. Mwaka 2017 yeye na mkewe Diana waliipa shule ile ya udaktari dola milioni 250, na milioni 150 kati ya hizo ziliwekwa kwenye mfuko wa kudumu ili wanafunzi wenye uhitaji wasome bila kukopa. Kutoka siku aliyovaa joho hadi siku hiyo ni miaka 63. Michael Bloomberg, mfanyabiashara tajiri wa New York, si daktari kabisa. Alisoma uhandisi Chuo Kikuu cha Johns Hopkins akamaliza mwaka 1964, na zawadi yake ya kwanza kwa chuo ilikuwa dola 5. Shule ya afya ya jamii ya chuo hicho ina jina lake tangu 2001, na mwaka 2024 alitoa dola bilioni moja, sehemu kubwa ikiwa ya kufuta ada kwa wengi wa wanafunzi wa udaktari. Zile dola 5 zilipokewa, zikaandikwa, zikashukuriwa.

Turudi nyumbani. Hospitali ya KCMC ya hapa Moshi ilifunguliwa Machi 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, lililoundwa na makanisa ya Kilutheri, Kianglikana na Kimoraviani, na fedha nyingi za ujenzi wake zilitoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Kituo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilianza 1981. Kile cha magonjwa ya ngozi kilianza 1992. Chuo cha udaktari kilianza 1997. Kaa kidogo na mwaka huo. Walioingia wa kwanza walitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, maana yake leo wengi wao wana umri wa karibu miaka hamsini. Wamemaliza kujenga, watoto wamekaribia kumaliza shule, baadhi wana hospitali zao binafsi, na wengine wako nje ya nchi. Huo ndio umri ambao mtu huanza kujiuliza ataacha nini. Miaka ishirini iliyopita chuo hakikuwa na wa kumwomba. Sasa kinao. Na si madaktari tu: mafundi wa viungo bandia na wataalamu wa ngozi waliosomea Moshi wametapakaa nchi nyingi za Afrika.

Sababu ya kulitilia hili maanani sasa ni kwamba vyuo vyetu vya afya vimeegemea mno miradi. Mradi una mwanzo na mwisho, na malengo yake yameandikwa na mwenye fedha. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, kila aliyekuwa kazini kwenye sekta ya afya aliona kwa macho yake nini kinatokea mwenye fedha anapobadili mawazo. Zawadi ya mhitimu iliyowekwa kwenye mfuko wa chuo haiwezi kufutwa na uchaguzi wa nchi nyingine.

Inaombwaje? Kama posa. Hakuna anayekwenda na barua ya posa siku ya kwanza kuonana. Kwanza mnajuana, kisha mshenga anapeleka neno, na mshenga lazima awe mtu anayeheshimika upande ule. Kwa chuo, mshenga bora ni mwanadarasa mwenzake ambaye yeye mwenyewe ameshatoa. Mtu ambaye hajatoa hawezi kuomba, sauti yake inamsaliti.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya wahitimu ya chuo kimoja cha afya huku Kaskazini, na nitaeleza safari moja bila kutaja mwenyewe. Ni daktari mstaafu wa macho anayeishi Kibosho. Tulikwenda mara ya kwanza Desemba, mimi na mshenga wetu aliyesoma naye. Shikamoo, marahaba, mtori ukaja, na saa nzima ilipita bila neno la fedha. Ila mzee alituuliza swali moja: "Bado mnaangalia hadubini moja watu wanne?" Tukamkaribisha aje aone mwenyewe. Februari akaja, akasimama nyuma ya darasa la maabara. Mbele yake wanafunzi wanne walikuwa wamezunguka hadubini moja. Mmoja amekodoa jicho kwenye lenzi, watatu wanasubiri, na wa mwisho kati yao alikuwa anachora kwenye daftari kile alichosimuliwa na mwenzake. Mzee alilitazama lile daftari kwa muda mrefu. Hakusema kitu.

Mara ya tatu tulikwenda kuomba. Mshenga alisema, "Daktari, tumekuja kukuomba ufikirie shilingi milioni 60 kwa miaka minne. Arobaini ni za hadubini, ishirini zibaki mfuko wa matengenezo." Kisha akanyamaza. Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu sisi tumelelewa kulainisha ombi: "lakini chochote utakachojaliwa tutashukuru". Ukisema hivyo umeshaigeuza zawadi kuwa mchango, na utapewa mchango. Taja kiasi, taja kazi yake, nyamaza. Tulinyamaza. Jogoo akapita uani. Aliyevunja ukimya hakuwa mzee, alikuwa mke wake, muuguzi mstaafu, na aliuliza: "Usiku hizo hadubini anafunga nani?"

Baada ya wiki mbili mzee alipiga simu akasema milioni 45, si 60, na kwamba anataka fedha ya matengenezo itolewe kwanza. Tulikubali tukashukuru. Kujadiliana namna hiyo ni dalili kwamba mtu anaichukulia zawadi kama yake.

Vyuo vingi huanguka kabla hata ya hatua ya kwanza. Chuo kingine nilichosoma mimi kilikaa kimya miaka kumi na moja, kisha ukaja ujumbe mfupi: "Ndugu mhitimu, unakumbushwa kuchangia ujenzi wa geti." Nilituma. Sikupata hata risiti, na mpaka leo sijui kama geti lilijengwa. Wenzangu watatu wa darasa wana hadithi ileile. Mmoja wao ana uwezo wa kununua mageti ishirini, lakini hataki kulisikia jina la chuo. Mtu kama huyo huendi kwake na bahasha. Kwetu uliyemkosea unampelekea jani la sale, unaomba radhi, unasubiri. Chuo nacho kina sale yake: barua yenye sahihi ya mkuu wa chuo, inayokiri ukimya, inayoeleza ile fedha ilikwenda wapi, na isiyoomba senti hata moja.

Kuna mipaka ambayo zawadi haipaswi kuivuka, na kwenye afya mipaka hiyo ni mikali zaidi. Mtoaji hachagui nani adahiliwe. Mtoto wake akikosa sifa, amekosa. Hachagui matokeo ya utafiti, hasa kama ana duka au kiwanda cha dawa. Na jalada la mgonjwa si orodha ya kutafutia wachangiaji, hata kama mgonjwa ni mfanyabiashara mkubwa wa Arusha aliyetoka wodini akiwa na furaha. Akija mwenyewe kushukuru kwa zawadi, karibu sana. Kumfuata kwa sababu umesoma ugonjwa wake ni kuvunja kiapo.

Upande wa kodi nitaugusa tu: Mamlaka ya Elimu Tanzania, inayosimamia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, ina utaratibu wa nafuu ya kodi kwa wanaotoa kupitia mfuko huo. Mhitimu mwenye kampuni azungumze na mhasibu wake kabla ya kusaini.

Baada ya kupokea ndipo kazi inapoanza, na kazi yenyewe ni taarifa. Mtoaji anapaswa kujua, kila mwaka, bila kuuliza, kiasi gani kimetumika, kimebaki kiasi gani, na nani amenufaika. Taarifa yetu ya kwanza kwa yule mzee ilikuwa kurasa mbili na picha moja. Tuliandika hadubini zilizonunuliwa, taa mbili zilizoungua na bei ya kuzibadilisha, na baki ya mfuko wa matengenezo hadi siku ile. Mkataba wenyewe tuliuambatanisha na taarifa hiyo. Kipengele cha saba kinasema ufunguo wa kabati la hadubini unakaa kwa fundi sanifu wa maabara, na kila jioni jina la aliyefunga linaandikwa daftarini na kusainiwa. Kipengele hicho ni cha mama.