Seli ya mchicha, seli ya mtu: maswali na majibu

Mwanangu wa kidato cha kwanza anakariri kwamba seli ya mmea ina ukuta, ya mnyama haina. Mimi nauza genge Buguruni. Inanihusu nini?

Inakuhusu kila siku saa saba mchana, jua linapoulaza mchicha wako. Ndani ya seli ya jani, yaani chembe ndogo sana inayolijenga, kuna vakuoli, mfuko mkubwa wa maji. Maji yakipungua, jani linalegea. Ukichovya mashina kwenye ndoo, vakuoli inajaa na kuusukuma ukuta, mchicha unasimama tena. Seli haipasuki kwa sababu ukuta wa selulosi, nyuzi ngumu za mmea, umeibana.

Na seli zetu zikijaa maji?

Zina utando laini tu. Chembe nyekundu ya damu ukiitia kwenye maji matupu, inavimba hadi inapasuka. Kwa hiyo dripu haiwi maji matupu: ile ya chumvi, kwa kawaida, ina gramu 9 kwa lita, kiasi ambacho chembe za damu hukaa nacho salama. Chumvi ikizidi, seli husinyaa. Kwa upande wa mboga, tazama kachumbari: ikishatiwa chumvi, muda si mrefu maji yametuama chini ya bakuli. Mengi yamevutwa kutoka kwenye seli za nyanya na vitunguu.

Tukila mchicha, ukuta huo unakwenda wapi?

Chooni. Hatuna kimeng'enya cha kuvunja selulosi; ng'ombe mwenyewe anasaidiwa na vijidudu vya tumboni. Kwetu ndiyo sehemu ya zile nyuzinyuzi zinazolainisha choo.

Vinavyofanana je?

Vingi: utando, kiini, mitokondria zinazotoa nishati. Kloroplasti, za kutengenezea chakula kwa mwanga, mmea unazo, mnyama hana. Chembe nyekundu za damu, za ajabu kidogo, hupoteza kiini zinapokomaa.

Mbona penisilini inaua bakteria, sisi inatuacha?

Bakteria nao wana ukuta, ingawa si wa selulosi. Penisilini na ndugu yake amoksilini huvuruga ujenzi wake, bakteria anapasuka. Seli yako haina ukuta wa kuvurugwa. (Wapo wenye mzio na dawa hizi, hao wamwambie daktari mapema.) Virusi vya mafua navyo havina ukuta, kwa hiyo amoksilini uliyonunua kwa ajili ya mafua haina cha kubomoa.