Je, wajua kwa nini bingwa wa historia ya Afrika alifundisha miaka 37 bila shahada ya uzamivu?

William Leo Hansberry, mzaliwa wa Gloster katika jimbo la Mississippi, alianza kufundisha historia ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 1922, na akastaafu mwaka 1959. Howard, kilichoanzishwa mwaka 1867, ni miongoni mwa vyuo vilivyofunguliwa ili kuwaelimisha Wamarekani Weusi, ambao vyuo vingi vya Wazungu viliwafungia milango. Kwa miaka yote hiyo Hansberry hakuwa na shahada ya uzamivu. Je, alikosa bidii?

La hasha. Alihitimu Harvard mwaka 1921, akarudi huko kuchukua shahada ya umahiri mwaka 1932, kisha akasoma pia Chicago na Oxford. Lakini anayeandika tasnifu ya uzamivu huhitaji msimamizi aliyebobea katika somo lake, na msimamizi wa kumwongoza Hansberry katika habari za ufalme wa kale wa Kushi na mji wake mkuu wa Meroe (Sudan ya leo), ufalme wa Aksum (Ethiopia na Eritrea za leo) na dola za kale za Afrika Magharibi hakupatikana. Earnest Hooton, mwanaanthropolojia wa Harvard aliyewahi kumfundisha, aliandika waziwazi kwamba hakuna mtaalamu wa wakati huo aliyemfikia katika fani hiyo. Wasomi wengi waliamini kuwa Afrika kusini mwa Sahara haikuwa na historia ya kufundishwa. Angetoka wapi basi wa kumtahini?

Pengo hilo lilimgharimu, na kwangu hapa ndipo penye uchungu. Hata ndani ya Howard kwenyewe kulikuwa na wenzake waliomshtaki kuwa anafundisha mambo yasiyo na ushahidi, kozi zake zikanusurika kufutwa, na fedha za utafiti zikawa adimu. Yeye aliendelea kufundisha. Mwaka 1953 akapata ufadhili wa masomo na utafiti wa serikali ya Marekani uitwao Fulbright, akaenda Misri, Sudan na Ethiopia kuzitazama kwa macho yake nchi alizokuwa amezisimulia darasani kwa miaka 30.

Miongoni mwa vijana waliopita mikononi mwake miaka ya 1920 alikuwamo Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria. Azikiwe hakumsahau mwalimu wake: mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, kilifungua taasisi ya taaluma za Afrika yenye jina la Hansberry, na mzee huyo, akiwa na umri wa miaka 69, akasafiri mwenyewe kwenda kutoa mhadhara wa ufunguzi.