Ufaulu umepanda, sawa. Walianza wangapi?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu haitulii. Wazazi wa hapa Bagamoyo wanauliza: "Mwalimu, shule yetu ya kata imepata asilimia ngapi?" Nami huwauliza: kidato cha kwanza waliingia wangapi?

Mimi ni mwalimu wa taaluma, takwimu za shule napita nazo kila siku. Asilimia ya ufaulu hupigwa kwa waliofanya mtihani. Tuseme waliandikishwa 120, wakafanya mtihani 80, wakafaulu 72. Ubaoni tutaandika asilimia 90. Piga kwa wale 120, ni asilimia 60. Toa waliohama na waliokariri kidato cha pili, bado wapo watoto ambao hakuna anayewataja. Tena kati ya hao 72 wamo wenye divisheni ya nne, ambayo D mbili tu zinakupatia, na kidato cha tano huendi.

Ada ilipofutwa Januari 2016 madarasa yalifurika, na nilifurahi sana. Lakini ada haikuwa kizuizi pekee.

Fungua daftari la mahudhurio ukiwa umeweka kalenda ya mwandamo wa mwezi pembeni. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Siku za giza mashua zinarudi alfajiri zimejaa, na pale sokoni kuna kazi kwa kila mwenye mikono: kubeba matenga, kuosha, kuchochea moto wa kukaangia. Siku hizohizo ndipo wino mwekundu unapozidi daftarini. Mwezi ukiwa mpevu, madawati yanajaa tena. Nimeliona hili mwaka baada ya mwaka.

Kijana mmoja niliyemfundisha hesabu, mwepesi mno kwenye jiometri, alianza kufika saa tatu asubuhi, magamba yamemkaukia kwenye mikono ya shati. Baadaye akawa anakosa wiki nzima ya giza. Likizo ya Juni ilipokwisha hakurudi. Hakufukuzwa, wala hakuwahi kufeli. Bado naumia nikikumbuka kwamba nilisaini ripoti ya mwezi ule bila kwenda kwao.

Sasa kuna jambo linalokuja. Kwa mtaala mpya ulioanza 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba. Waliokuwa darasa la tatu na la nne mwaka ule watamaliza pamoja 2027, na Januari 2028 wote watabisha hodi kidato cha kwanza. Mazungumzo yote ninayoyasikia ni ya vyumba na madawati, na kweli vinahitajika. Ila darasa likishajaa pomoni, mwalimu hatambui haraka nani hayupo.

Kikao cha wazazi kijacho, mwombeni mkuu wa shule namba mbili: walioingia, na waliopo leo. Na mitihani ya majaribio isipangwe tena wiki ya giza.