Ile namba ya kijani haijui ulichosoma

"Fundi, simu yangu inasoma meseji yenyewe." Safari hii ni muuza dagaa wa Kibirizi. Bei imetumwa kwenye grupu alfajiri, yeye hakuiona, na ile namba ya kijani ya WhatsApp, inayohesabu ujumbe usiosomwa, imefutika. Anataka niiflashi simu. Jamani, simu ni nzima!

Simu haina habari na macho yako. Inachojua ni kwamba grupu limefunguliwa, basi. Awe ni wewe uliyelifungua ili ile namba iache kukukera, awe ni mtoto anayetafuta picha, kwake mmesoma.

Tiki za WhatsApp nazipitia haraka. Moja, ujumbe umetoka. Mbili za kijivu, umefika. Za bluu, umefunguliwa. Kwenye grupu bluu haiji hadi wote wafungue, kwa hiyo mmoja aliyeishiwa bando kule Uvinza anatosha kuwabakiza kijivu. Na ukizima tiki za bluu, kwenye grupu bado unaonekana.

Kinachoniudhi ni imani kwamba kila mfumo una orodha ya ujumbe mmoja mmoja uliousoma. Ipo mifumo ya hivyo. Enzi za Usenet, mtandao wa zamani wa makundi ya majadiliano, miaka ya 1980, programu ya kusomea iliweka kwenye kompyuta faili liitwalo .newsrc, ndani yake namba za makala ulizosoma: 1-240,243. Yaani 241 na 242 umeziruka, na programu inajua. Barua pepe za IMAP, njia mojawapo ya kupokelea barua, nazo zina alama ya "imesomwa" kwa kila barua, inatunzwa kwenye seva, hivyo ukisoma kwenye simu kompyuta nayo inapata habari. POP3, njia nyingine ya kupokelea barua pepe, haina alama hiyo; ndiyo maana kuna mzee wa ofisini anaapa kwamba kompyuta inamrudishia barua alizokwisha kusoma.

Mifumo mingine huweka alama moja tu kwa kila mazungumzo: umefika hapa. Ni rahisi mno. Watu 1,000 wakipokea ujumbe 200, alama za mmoja mmoja ni 200,000. Kwa njia hii ni 1,000. Lakini ukiruka hadi chini kujibu "sawa mkuu", yote ya katikati yamehesabiwa kuwa yamesomwa, bei ya dagaa ikiwemo.

Na wale wa "weka kama haijasomwa": hiyo haiirudishi bluu kuwa kijivu. Mtumaji keshajua. Umejiwekea alama wewe mwenyewe tu. Kama ni ukumbusho unataka, weka nyota.

Ninapotengeneza mfumo wangu wa ujumbe, sijui kwa uhakika niseme lini kwamba mtu amesoma. Akifungua? Ujumbe ukipita kwenye kioo? Ukikaa hapo sekunde tatu? Sekunde tatu kwa kijana wa chuo ni nyingi. Kwa bibi anayefuata maneno kwa kidole hazitoshi hata salamu. Sauti ndiyo balaa zaidi: mtu anaicheza huku anabishana na bodaboda, nayo imeshasikilizwa. Kwa sasa nimeweka kitufe cha "nimesoma", mtu abonyeze mwenyewe. Hawakibonyezi.