Mistari ya akiki haihesabu miaka

Nikimwonyesha mtu akiki, jiwe la thamani lenye mistari, iliyokatwa na kung'arishwa, huanza kuhesabu mistari, kana kwamba anatafuta umri wa mti. Atachoka bure. Mistari ile si ya miaka, wala si lazima kila mmoja uwe na maji yake yaliyoingia na kukauka.

Mwanzo wake hauna ubishi. Gesi hunaswa ndani ya lava inayoganda, na basalti, mwamba mweusi unaotokana nayo, hubaki na matundu. Baadaye maji hupenya mwambani, huyeyusha silika (kiwanja cha silikoni na oksijeni kinachounda kwatzi) kutoka kwenye kioo cha volkano na kuifikisha humo. Mara nyingi ukuta hutangulia kupakwa madini ya kijani kama seladonaiti, ndiyo maana akiki nyingi zina ganda la rangi hiyo. Kisha huota kalkedoni: nyuzi za kwatzi zisizoonekana kwa macho, zikielekea katikati. Kwa hiyo mstari wa nje ndio mkongwe.

Ubishi ni kuhusu mistari yenyewe. Mwaka 1896 Mjerumani Raphael Liesegang aliona pete za chumvi ya fedha zikijipanga zenyewe ndani ya jelatini, na baadaye akaifafanua akiki kwa njia hiyo. Mimi siamini kwamba tundu zima hujaa jeli ya silika. Jeli ikipoteza maji husinyaa mno. Lakini kujipanga nakukubali. Nyuzi zikikua kwa kasi humaliza silika iliyo mbele yao, kasi hupungua, fuwele huwa kubwa na safi zaidi, hadi silika nyingine isogee. Mzunguko huo hauhitaji maji mapya.

Tofauti ya mstari na mstari, basi, aghalabu ni ya mshikamano kuliko ya kemia. Wakataji wa Idar-Oberstein, Ujerumani, waliitumia zamani: hulowesha jiwe katika maji ya sukari, kisha katika asidi ya salfa inayoigeuza sukari kuwa kaboni. Mistari yenye vitundu vidogo vinavyonyonya huwa myeusi, iliyoshikamana hubaki myeupe. (Oniksi, yaani akiki ya mistari iliyonyooka au nyeusi tupu, nyingi za sokoni zilizo nyeusi ni kazi ya sukari.)

Akiki nyingine, hasa za Uruguay na kusini mwa Brazili, zina pia matabaka bapa upande wa chini. Hayo hayakufuata ukuta. Yalitulia kwa mvutano wa dunia. Ukiyakuta yameinama ndani ya mwamba ambao haujaguswa, jua kuwa mwamba wenyewe uliinamishwa baadaye, na pembe yake unaweza kuipima hapohapo.